Alhamisi Isiyo na Dawa

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Onorina Mbilinyi aliiamuru mashine ichore ukoo wa virusi vya wanawake saba wa Igumila, na kwa mara ya tatu mashine ikamchorea upuuzi ule ule. Ilichora shina moja, ikaning'iniza matawi saba, na kwenye shina ikaandika namba ya damu ya mwanamume aliyefungiwa chumba cha nyuma cha mizani ya malori: Ambakisye Mwasomola, dereva wa lori, mkazi wa Tunduma, miaka thelathini na minne. Chini yake iliacha nafasi ya saini ya msomaji.

Mashine hiyo ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyehangaika nalo. Igumila waliiita Shangazi, kwa sababu ilijua nani kamzaa nani na nani kalala wapi, na ilisema hata bila kuombwa. Ukiipa tone la damu, ndani ya saa moja ilisoma kirusi herufi kwa herufi, ikakitafutia baba, babu na binamu zake katika damu za watu wote wa ukanda. Ilishavunja ndoa nyingi kuliko pombe ya ulanzi. Onorina ndiye msomaji, aliyeajiriwa kuisikiliza, na kwa kuwa mashine haichukiki, watu walimchukia yeye badala yake.

Jiwe liligonga bati, la nne tangu kupambazuke. Nje, kwenye ukungu na baridi ya Juni, ndugu za wale wanawake walikuwa wamesimama katikati ya nguzo za kuchajia malori wakitaka dereva atolewe. Hawakuwa na haja ya mti wala matawi. Kwao msafiri ndiye mwenye makosa, na kwa bahati mbaya sheria nayo iliwaza kama wao. Sheria ya Matawi, kanuni ya tatu, ilisema pale ukoo wa kirusi unapokutana na mtu wa safari, huyo ahesabiwe kuwa Chanzo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nani alikuwa na muda wa kuthibitisha vinginevyo?

Kioo cha ukutani kikawaka. Dakta Gaudensi Luhanga, mkuu wa kanda, alikuwa ofisini kwake, koti la sufi mabegani na kikombe mkononi. Alimkumbusha Onorina kwamba taarifa inatakiwa kabla ya saa sita, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, na aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayehesabu vikombe. Wanawake saba wana usugu dhidi ya Ngao. Ngao ndiyo dawa ya mwisho. Za zamani zote zilishakufa nguvu, moja baada ya nyingine. Chanzo kikitajwa, kitapelekwa kambi ya Upwekeni maisha yake yote, na waliotendewa watafunguliwa Akiba, zile dozi chache ambazo serikali ilizifungia kwa siku kama hii. Chanzo kisipotajwa, hakuna waliotendewa, na Akiba haiguswi. Akauliza ugumu uko wapi.

Onorina alisema mchoro haumwingii akilini.

"Mbilinyi, huo mchoro haukuchorwa kwa ajili ya akili yako," Luhanga alisema, kioo kikazimika.

Onorina aliirudia mashine kwa hasira. Kisha akafanya jambo ambalo wasomaji wa siku hizi hawalifanyi tena: akaufuta mchoro, akafungua herufi zenyewe.

Kirusi hiki ni mwandishi mzembe. Kila kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa, ndiyo maana mjukuu hutambulika kwa makosa ya babu. Na Igumila palikuwa pahali pa kila aina. Malori ya umeme yalilazimika kulala pale yakichaji, na madereva nao walilala, si lazima ndani ya malori. Aina C ilipanda kutoka kusini, aina A ikashuka kutoka pwani na kaskazini, aina D ikaja na watu wa nchi za Maziwa Makuu, na zilipokutana katika mwili mmoja zikazaa machotara. Onorina akawapanga wale saba. Yusta Chaula alikuwa na C. Wawili walikuwa na A, lakini A za koo mbili ambazo hazijaonana kwa miaka sitini. Mmoja D. Wawili machotara wa A na C, kila mmoja kachanganyika kivyake. Wa saba, Vumilia Ngailo, alikuwa na C ya namna nyingine, na huyo peke yake ndiye aliyefanana na dereva.

Kwa virusi vyao hawakuwa ndugu. Walikuwa wageni watupu waliovaa sare moja, kwa maana wote saba walikuwa na kosa lile lile, herufi moja iliyobadilika mahali Ngao inapokishikia kirusi. Shangazi ilifundishwa kwamba usugu hupita kitandani. Ilipoona kosa moja ikadhani ni baba mmoja.

Watoto wa shule saba tofauti wakiandika jibu moja la ajabu, kuna mwalimu mmoja aliyewapitia wote. Onorina akaanza kumtafuta katika tarehe. Damu ya Igumila ilichukuliwa kila Jumatatu, na kwa miaka minne Jumatatu zote zilikuwa safi, hadi miezi mitatu iliyopita. Akachimbua damu za siku zisizo na utaratibu, za dharura. Yusta alikatwa na shoka mguuni mwaka juzi, Alhamisi: kirusi kimeamka, kinaonekana tena damuni. Mmoja wa wale wenye A alijifungua Alhamisi: kimeamka. Mwenye D alilazwa kwa homa ya mapafu Jumatano, kimelala. Kesho yake wakampima tena, kimeamka.

Ngao ilikuwa kikaratasi chembamba cha kijani, kinawekwa chini ya ulimi kila Ijumaa saa sita, mdomo ukafungwa robo saa. Kikishayeyuka kilijificha mwilini na kutoa dawa kwa kipimo kile kile siku saba kamili, bila ziada hata ya nusu siku, maana malighafi ilikuwa adimu na waliokitengeneza walipima kwa ubahili. Mtu ambaye Alhamisi yake ni kavu amekula siku sita tu. Kuna mtu alikuwa anakula ya saba.

*

Alitokea mlango wa nyuma, akapita kwenye miti ya misonobari mpaka kwa Yusta Chaula. Yusta alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, ambacho wote saba walikuwa wanachama wake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mipana na ulimi usiokwama. Alikuwa kwenye stoo anachambua mbegu za viazi, na wenzake watatu kati ya wale saba walikuwa naye. Onorina aliwasalimu, kamwene. Wakaitikia kwa midomo tu, mikono ikaendelea na viazi.

Haikuwa nyumba ngeni kwake. Mwenyewe alikuwa mwanachama wa kikundi hicho, alipeleka unga na kuni kwenye kila matanga, akaosha masufuria kama wengine. Hata hivyo hapakuwa na aliyemsogezea kigoda.

"Mama Chaula, mnakata karatasi," alisema akiwa amesimama. "Nani amekosa ya kwake?"

Yusta alitupa kiazi kibovu kwenye ndoo. "Unamuuliza nani? Si wewe uliyemfungia Vumilia dawa?"

Onorina alihitaji muda kukumbuka, na hilo lilimwaibisha kuliko swali lenyewe. Vumilia Ngailo alikosa siku ya damu mara tatu. Mara ya tatu alikuwa Makete akimuuguza mama yake, kisha akimzika. Aliporudi alileta barua ya mtendaji wa kijiji, lakini barua ile haikuwa na mhuri, na kanuni ilidai mhuri. Onorina alibonyeza palipotakiwa kubonyezwa, jina la Vumilia likafutika dirishani, na kufutika huko hakukuwa na marejeo. Mchana ule alikula wali na maharage. Hilo alilikumbuka vizuri.

Yusta alimweleza yaliyofuata bila kuona haya, tena kwa fahari. Kikundi kina taratibu nyingi lakini moja haivunjwi: kinachofika msibani kinagawanywa sawa, awe mwenye mume au mjane, aliyeleta gunia au aliyeleta chumvi. Na mtu aliyenyimwa dawa ni msiba uliofika mapema. Wanachama waliokuwa na dawa, ukimwondoa msomaji, walikuwa sita. Kila Ijumaa wote sita walikata kipande kwa wembe, wakipima kwa rula ya shule, sehemu moja katika saba. Vipande sita vikakusanywa kwa Vumilia. Kwa hiyo wote saba walipata sawasawa, hakuna aliyezidi. Miaka minne. Msomaji hakuambiwa kwa sababu zilizo wazi.

Basi Onorina naye akawaeleza kuhusu Alhamisi. Alisema kwamba dawa pungufu ni mbaya kuliko dawa kukosekana, kwa kuwa inakipiga kirusi bila kukiua, nacho kinasimama kimejifunza mkono wa adui yake. Alisema kirusi cha kila mmoja wao kilipewa somo moja kila wiki, wiki mia mbili, na hatimaye vyote vikafaulu. Vumilia alimwambukiza dereva, si dereva aliyemwambukiza Vumilia. Alipomaliza, mmoja wa wale wanawake alikuwa analia bila sauti huku bado anachambua.

"Nani alituambia habari ya siku saba?" Yusta aliuliza. Sasa alikuwa amesimama. "Umekula ugali wa matanga yetu miaka mingapi? Kila Ijumaa mnasema weka chini ya ulimi, funga mdomo. Tukafunga. Mlitaka tufunge midomo tu, hamkutaka tujue tunachomeza."

Onorina alisema imeandikwa kwenye pakiti. Alijua ni jibu la kipuuzi kabla hajalimaliza.

"Sasa sikiliza, mwanangu," Yusta alisema, na neno mwanangu halikuwa na mapenzi ndani yake. "Kuna karatasi inasubiri saini yako, na kuna Akiba. Weka saini. Yule dereva hatukumzaa na hatutamzika. Sisi tuna watoto."

*

Alipitia chumba cha nyuma cha mizani. Askari alimfungulia kwa dakika tano. Ambakisye Mwasomola alikuwa ameketi sakafuni, jicho moja limevimba, jaketi lake la kazi limechanika begani pale walipomshusha kwenye lori. Lori lenyewe lilishaondoka na dereva mwingine.

Hakusubiri salamu. Alimuuliza kama amekuja kumtazama alivyonona, kama mbuzi wa Krismasi. Onorina alimuuliza kwa upole lini alianza kulala kwa Vumilia. Miezi minane, alisema, na tangu hapo hajalala kwingine. Alishapeleka posa kwa kaka yake Vumilia. Kama ni dhambi, basi wamwandikie dhambi hiyo. Lakini hao wanawake wengine sita hawajui hata kwa majina, na alishasema hivyo mara kumi, na kila aliposema alipigwa.

"Vumilia anasemaje?" aliuliza mwishoni.

Onorina aliutazama mlango. Asubuhi nzima Vumilia alikuwa hajasema lolote kwa yeyote, na kunyamaza kwake kulikuwa kunamzamisha huyu mtu. Ambakisye alielewa. Aligeukia ukuta, akamwambia atoke.

*

Ilikuwa saa tano na nusu kioo kilipowaka tena. Onorina aliweka mbele ya Luhanga herufi za virusi saba, tarehe, Alhamisi, wembe na rula. Luhanga hakuwa mjinga. Alisoma yote kimya, akarudi juu, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza siku ile aliweka kikombe chini. Alikiri kwamba kazi ni safi. Kisha akamwomba aifute.

Hesabu yake ilikuwa rahisi na ilikuwa na huruma ya aina fulani, ndiyo maana Onorina aliichukia. Ukiandika tawi, mtu mmoja anakwenda Upwekeni, naye kirusi sugu anacho kweli, hata kama hakukianzisha. Wanawake saba wanapata Akiba, wanaishi. Ukiandika ukweli, hao saba si waliotendewa tena, ni wachezea dawa. Kifungu cha tisa: mchezea dawa hapewi Akiba, asiwe mfano. Dereva anatoka, lakini Ngao haimfai tena, naye anakufa taratibu barabarani badala ya kufa taratibu kambini. Ukweli wako unamsaidia nani?

"Kuna vikundi vya kuzikana kuanzia hapa mpaka mpakani," Onorina alisema. "Vyote vinagawana sawa. Ni vingapi vina mtu aliyefungiwa dawa?"

"Tutatoa tangazo."

"Tangazo la nini, daktari? Taarifa itakuwa inasema ni dereva. Watawawinda madereva, na kila Ijumaa wataendelea kukata."

Luhanga alilivuta koti lake mabegani. Halafu akasema, bila ukali, kwamba yeye pia ana dada yake katika kikundi kama hicho, Mafinga, na kwamba saini ni ya msomaji, si ya mkuu wa kanda.

Onorina aliogopa. Aliwaona wale watoto wa Yusta, wa mwisho yuko darasa la pili. Alimwona na yule anayelia juu ya viazi. Akajiambia kwamba saba waliokuwa mbele yake wana nyuso, na wale wa miji mingine hawana, na kwamba hiyo ndiyo njia ambayo Ambakisye naye alikosa uso. Akaandika ukweli. Kila herufi, kila tarehe.

Penye neno Chanzo aliandika: amri ya kufungia dawa, Ngailo Vumilia, saini O. Mbilinyi. Mashine ikakataa, nafasi ile inapokea namba ya damu pekee. Akaweka namba ya damu yake mwenyewe, kwa kuwa naye alikuwa na kirusi tangu kuzaliwa na alitumia Ngao kama wote. Mashine ikasoma, ikalinganisha, ikajibu kwamba damu hiyo haihusiani na tukio. Alitaka aadhibiwe, wakamnyima hata hilo. Akaacha nafasi tupu, akabonyeza, taarifa ikaenda kwa wasomaji wote wa ukanda, vituo thelathini na vinane, kwa wakati mmoja.

Shangazi haikuchelewa. Kabla hajainuka kitini iliandika majina saba kwa wekundu, na Akiba ikafungwa.

*

King'ora cha saa sita kililia. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha kwa mistari yao ya Ijumaa, na habari ilishawafikia, maana hakuna aliyezungumza. Ambakisye alikuwa ameachiwa; alipita pembeni ya umati akichechemea kuelekea barabarani, na hakuna aliyemrushia jiwe wala aliyemwomba radhi. Vumilia alitoka katikati ya umati akamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuonekana amefanya uamuzi.

Utaratibu tangu zamani, tangu watu walipodhani Ngao ni sumu, ulikuwa kwamba msomaji hutangulia. Anachukua karatasi yake mbele ya wote, anaiweka chini ya ulimi, watu wanaona, kisha na wao wanachukua. Dirisha likamtolea Onorina ya kwake. Yusta Chaula na wenzake watano walikuja wakasimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao.

"Ni nzima hiyo," Yusta alisema. "Sisi tumenyimwa. Wewe ni mwenzetu wa kikundi. Mega."

Wembe ulikuwa mkononi mwake, pamoja na ile rula. Wote sita walijua tayari kwamba karatasi ile haina kazi tena miilini mwao, wanne kati yao aliwaeleza mwenyewe. Hawakuomba dawa. Onorina alielewa hivyo, na machozi yakamjaa, kwa sababu kumega kungekuwa rahisi sana. Angekata kipande kidogo, wangempokea, na jioni angekaa nao stoo akichambua mbegu. Nyuma yao walisimama watu mia mbili na ushee, kila mmoja na karatasi inayomsubiri, wote wakitazama msomaji atafanya nini na yake.

Aliiweka chini ya ulimi nzima, akafunga mdomo.

Yusta hakumtukana. Aliufunga wembe ndani ya khanga yake taratibu, akaangalia kama wenzake wote wanasikia.

"Jina lako tunalitoa," alisema. "Ukiugua tutapita. Ukifa, serikali yako ije na koleo."

Wakageuka wakaondoka, wanawake sita, wakaupita mstari kuanzia mbele hadi nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa wa kwanza mstarini alimkazia macho Onorina, akatema mate chini karibu na viatu vyake, kisha akachukua karatasi yake. Akaitazama. Akaiweka yote mdomoni. Wa pili naye akafanya hivyo, na wa tatu. Onorina alikuwa na mengi ya kumwambia Yusta, alikuwa nayo tangu asubuhi, lakini zilibaki dakika kumi na tatu, na mdomo haukutakiwa kufunguliwa.